Picha ya Kifua cha Mama Mkwe

Mimi ni mkali kazini, na nalisema mapema nisije nikasingiziwa upole. Kwenye mlango wa chumba changu cha eksirei kuna sinia, na kila anayeingia anaacha humo alichovaa: mkufu, pini, shanga, hirizi, hata sarafu iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Vitu hivyo vikiingia kwenye picha hung'aa vyeupe na kuziba kile tunachokitafuta. Sasa watu wa kwetu na hirizi, Mungu anajua. Atakuapia hana kitu mwilini, ukipiga picha unaiona hiyo hapo, imening'inia ubavuni. Basi nafoka. Nimeshamfokea diwani, nimeshamfokea mwalimu wangu wa madrasa. Wauguzi hunitania kwamba hata malaika wa kutoa roho akija kwangu nitamwambia avue mbawa kwanza.

Mtu mmoja tu sikumfokea, na huyo nilikaribia kumuua.

Mama mkwe wangu ni mkulima wa Ziwani, korosho na mihogo. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa Kilambo akiwa mgongoni kwa mama yake, na mambo ya ukwe anayashika kama walivyoyashika wazee wake. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yangu hatujawahi kukaa mkeka mmoja. Akija nyumbani kwetu Likombe, mimi natokea mlango wa uani. Tukikutana njiani yeye anajitanda kanga mpaka usoni, mimi natazama chini, tunasalimiana kwa mbali kama watu wanaodaiana. Nikitaka kumwambia neno, namwambia mke wangu amwambie. Naye hivyo hivyo. Na tulipendana sana kwa namna hiyo. Kila msimu alinichagulia korosho nzuri kwa mkono wake mwenyewe, akazituma bila salamu.

Alikuja hospitali kwa sababu ya ngiri ya kitovu. Ilikuwa inamtoka akilima, anairudisha kwa kidole, anaendelea kulima. Mke wangu alipoigundua alipiga kelele nyumba nzima, mama akaletwa mjini, akapangiwa kupasuliwa Jumatano saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo daktari aliagiza picha ya kifua, jambo la kawaida kwa mtu wa umri wake.

Siku ya picha ilikuwa Jumatatu. Mwenzangu wa kike yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo chumba kizima ni mimi. Mama akaingia na binti yake, anatazama ukuta. Mimi natazama sakafu. Mgonjwa mwingine yeyote ningemshika mabega, ningemsogeza, ningempandisha kidevu. Kwa mama nilibaki nyuma ya kioo changu, nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama asimame pale, aukumbatie ule ubao." Na lile neno langu, vua, lilinifika kooni likakwama. Nani anamwambia mkwe wake avue? Kwetu neno hilo linaweza kuitisha kikao cha wajomba.

Nikapiga picha. Kwa sababu sikumweka sawa, ilishuka mno. Badala ya kuishia kwenye mapafu ilikwenda mpaka mbavu za mwisho. Ningerudia kwa mtu mwingine. Nikasema inatosha, apumzike mama wa watu.

Chini kabisa, upande wa kushoto karibu na uti wa mgongo, palikuwa na kijistari cheupe kilichopinda, kama kipande cha ukucha. Daktari alipoiona picha aliniuliza ni nini kile. Wala sikufikiri.

"Hirizi hiyo, daktari," nikasema. "Wanawake wa kwetu hawa, unawajua."

Akacheka, akaandika kwamba kifua ni salama.

Jumatano asubuhi, kwenye saa moja na nusu, mke wangu alipita ofisini kwangu kabla ya kurudi Ziwani. Alikuwa na haraka. Mawingu yalikuwa yametanda na korosho zilikuwa zimeanikwa uwanjani. Akanieleza akiwa amesimama mlangoni.

"Lile jini la mama, mwenzangu, limemfuata mpaka wodini. Jana jioni limempanda."

Habari za jini hilo nilizisikia kwa miaka miwili, kwa mbali, kama mkwe anavyosikia. Mara moyo unamdunda mama mpaka nguo inatikisika, kichwa kinamgonga, jasho linamtoka chapachapa. Robo saa, limekwisha, anaomba maji. Alishasomewa, akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, wakachinjwa kuku hata sijui wangapi. Zahanati walimpima presha. Siku moja wanasema imepanda, siku nyingine wanasema mzima. Mimi sikuwahi kuuliza zaidi. Mwili wa mkwe si habari yangu.

"Na yule nesi," mke wangu akaendelea, "alimpima lilipokuwa limempanda. Presha ikapanda mpaka akasema mashine imeharibika. Kwenda kuleta nyingine, kurudi, presha iko chini. Wakasema ile ya kwanza mbovu." Akatazama mawingu. "Haya, mimi nakwenda. Mungu amsimamie mama."

Akaondoka. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka mezani bila kukinywa. Kichwa, jasho, moyo. Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja mzee aliyetuimbisha hayo matatu mpaka tukamchoka: yakija pamoja, kwa vipindi, na presha ikiruka, fikiria uvimbe wa nadra katika ile tezi ndogo iliyokaa juu ya figo kama kofia. Na alikuwa anamalizia kwa sauti nyingine kabisa. Mgonjwa wa uvimbe huo akipasuliwa kabla hajaandaliwa kwa dawa, hata kama anapasuliwa kitu kingine, uvimbe unaweza kumwaga kemikali zake zote kwa mara moja. Presha inaruka, moyo unashindwa, anafia mezani.

Nikafungua picha ya Jumatatu kwenye kompyuta. Kile kijistari kilikuwa palepale, juu ya figo ya kushoto.

Nikaikuza, nikaigeuza, nikaikodolea macho mpaka yakaniuma. Chokaa ndani ya uvimbe huonekana hivyo. Bati la hirizi, likikaa upande, nalo huonekana hivyo. Kama mama alikuwa amefunga kitu siku ile, basi mimi ni mpiga picha anayetaka kusimamisha upasuaji wa watu kwa ajili ya kipande cha bati. Kama hakuwa amefunga, basi saa tatu tunamuua. Jibu liko kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mama mkwe wangu. Saa mbili na dakika ishirini.

Nikampigia mke wangu. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikapiga mara ya saba nikiwa natembea kuelekea wodini, naitukana simu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilimkuta nesi mlangoni mwa wodi ya wanawake, nikamtuma. "Muulize yule mama wa kitanda cha mwisho, Jumatatu wakati wa picha alikuwa na kitu mwilini?" Akaenda, akarudi anatabasamu.

"Anasema nimwambie mkwe wake hakuna neno, anashukuru."

"Hakuna neno gani? Umemuulizaje?"

"Nimemwambia mkwe wako anauliza kama una kitu mwilini."

Jamani! Mama amedhani namjulia hali. Nikataka kumfokea yule binti, kisha nikamwona ana wagonjwa ishirini na mikono miwili. Nikamwambia asante. Saa mbili na nusu ilikuwa imeshapita, na wahudumu wa chumba cha upasuaji walikuwa wanakuja na kitanda cha magurudumu.

Nikaingia mwenyewe. Kitanda chake kilikuwa kimezungushiwa pazia. Nikasimama nje ya pazia, kichwa chini.

"Shikamoo mama."

Hakuwahi kunisikia karibu hivyo.

"Marahaba, baba. Kuna nini? Binti yangu mzima?"

"Mzima, mama. Nisamehe. Nataka kukuuliza neno, na sina wa kumtuma. Jumatatu, uliposimama kwenye ubao, ulikuwa umefunga nini mwilini? Hirizi, shanga, chochote. Usinifiche, mama. Haki ya Mungu sitakasirika."

Nikasikia kitanda kinalia, anajiinua.

"Sikuwa na kitu."

"Hata uzi?"

"Hata uzi, baba. Hata shanga nilizikata, vyote nikaviacha nyumbani. Binti yangu aliniambia chumbani mwako watu wanafokewa wasipovua. Nikasema, nisije nikamtia mkwe wangu katika aibu ya kuniambia. Kwani nimeharibu?"

Hapo machozi yalinitoka. Mwanamke mzima alijifungia chumbani kwake Ziwani, akakata shanga alizozivaa tangu ukigori wake, ili mimi nisipate tabu ya kusema neno moja. Nami nikamsingizia hirizi ambayo hakuwa nayo.

"Hujaharibu kitu, mama. Usikubali kwenda popote mpaka nirudi. Wakija, jifanye umelala."

"Mwe! Nijifanye nimekufa kabisa?"

"Hapana mama, tafadhali, kulala kunatosha."

Nikakimbia. Mlango wa chumba cha upasuaji sikubisha. Daktari alikuwa ananawa mikono, povu mpaka kwenye viwiko, na nilipoanza kueleza alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Juzi uliniambia hirizi."

"Niliizua."

"Uliizua?"

"Sikuiona hirizi, daktari. Sikumwambia avue, sikumuuliza. Ni mkwe wangu, nilimwonea haya. Leo nimemuuliza. Hakuwa na kitu."

Alinitukana. Sitamlaumu, ningekuwa yeye ningetukana zaidi. Kisha akaomba karatasi ya presha ya jana jioni, ile iliyoandikwa mashine mbovu, akaisoma akiwa bado na povu mikononi. Akaisoma tena. Akamwambia mtoa dawa ya usingizi afunge vitu vyake.

Mchana uleule tulimwingiza kwenye siti skani, na mwenye kuiendesha ni mimi. Ilibidi nimlaze sawa, nimnyanyue mikono juu ya kichwa, nimshike ubavu kumsogeza katikati ya kitanda. Mikono yangu ilikuwa ya baridi. Alifumba macho, akasema kwa sauti ndogo, "Fanya kazi yako, baba. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa sita." Nikacheka huku nalia, nikarudi nyuma ya kioo. Picha zilipoanza kuja moja baada ya nyingine, ule uvimbe ukajitokeza juu ya figo ya kushoto, ukubwa wa limau, na ganda lake la chokaa upande mmoja.

Alikunywa vidonge wiki kadhaa, presha ikatulia, akapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa na watu wanaoujua uvimbe huo. Siku ya upasuaji ule sikula wala sikumfokea mtu, wauguzi wakadhani naumwa. Alirudi amekonda, lakini ana njaa, na jini halikumpanda tena.

Juzi juzi alikuja kwetu Likombe. Nikajiandaa kutokea mlango wa uani kama kawaida, akaniita. Alikuwa amekaa barazani, mke wangu anamenya mihogo pembeni.

"Nionyeshe hilo jini langu."

Nikaileta picha, nikaiinua kwenye mwanga, nikamwonyesha kwa kidole. Akaichukua, akalitazama sana.

"Dogo hivi! Na kuku wangu wote wale?"

Mke wangu akacheka mpaka kisu kikamdondoka. Mimi sikucheka. Kuna jambo nilikuwa sijamwambia, na nilikuwa nimechoka kulibeba.

"Mama," nikasema, "siku ile ya Jumatatu nililiona. Daktari akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni hirizi yako, kwa sababu nilishindwa kukuuliza. Kwa heshima."

Mke wangu akaacha kumenya. Mama akairudisha picha mkononi mwangu, akajishusha kanga kutoka usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake akanitazama machoni.

"Kwa hiyo, baba," akasema, "ungenizika kwa heshima."