Kompyuta Isiyopendelea Mtu

Juzi, hapa Rumonge, nilifaulu mtihani wa perimi ya kuendesha gari kwenye kompyuta. Msinipongeze. Niliulizwa taa nyekundu ina maana gani, nikajibu kwa mbwembwe za mtu aliyezurura nchi nyingi. Dada wa pembeni yangu, aliyeahidiwa kazi ya kuendesha gari la mawese akipata perimi, aliulizwa lori lililojaa linahitaji mita ngapi kusimama kwenye mvua. Akaanguka mtihani.

"Shefu, maswali yangu iko magumu kuliko ya huyu papa!"

Msimamizi akatandaza mikono. "Ordinateri haipendelei mutu, mama. Inachota tu maswali."

Inachota tu! Hata wauza samaki wa ndagala kule Magara huchanganya kikapu kwanza, wadogo kwa wakubwa, ndipo wachote. Nikamwambia msimamizi kwamba maswali nayo yapimwe ugumu, kila mtu apate mepesi na magumu kwa kiasi kilekile.

"Papa, jaribu maswali ya kwake basi."

Nikakaa, nikajaribu, nikaanguka vibaya.

Dada akapiga makofi. "Umeona, shefu?"

"Nimeona," akajibu, huku akifuta jina langu kwa waliofaulu. "Sasa nyote mumeanguka. Iko haki."