Siku Nilipomwita Mwadhini Mlevi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ya mvua Bugembe. Vita vilikuwa vimekwisha, nyumba yetu ya Nabuyonga kule Mbale imeporwa, tukahamia Bugembe kwa shangazi. Natamani ungeiona Bugembe ya siku zile: nusu ya maduka yamefungwa, na bado watu walisalimiana kwa sauti toka ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, Kiingereza cha shule kimenivimbisha kichwa, nikimtafsiria muuguzi wa Kizungu kwenye zahanati ya msaada.

Mzee Juma, mwadhini wetu, akaja kwa miguu. Kanzu imemganda mwilini, anapepesuka kwa homa, ulimi mzito. Muuguzi akaniuliza ana nini. Neno "wet", yaani kulowa, nililijua, ila niliona ni la watoto. Nikachagua nililolisoma kitabuni: "sodden". Kwangu maana yake ilikuwa kulowa chepechepe, basi. Sikujua kwamba Waingereza humwita hivyo pia mtu aliyelewa chakari.

Muuguzi akakunja uso. "Mwambie arudi pombe ikimtoka."

Hapo nikaelewa. Ningesema tu, "Nimekosea." Lakini foleni nzima ilikuwa inanitazama, nikaona haya.

"Mzee, dawa zimekwisha," nikamwambia. "Rudi kesho."

"Asante, binti yangu," akajibu, akarudi mvuani.

Adhuhuri nikasikia adhana kwa sauti ya mtu mwingine. Nikamwendea muuguzi, nikamweleza yote huku nalia. Hakunigombeza, alichukua mkoba wake, tukaenda nyumbani kwa Mzee. Tulimkuta amejikunyata chini ya gunia, anaweweseka.

Alipopata nafuu nikamwambia ukweli.

"Neno uliteleza tu, hiyo mimi nasamehe kabisa," akasema. "Lakini uliposema dawa imekwisha, wewe ulijua. Hiyo ndiyo iliniumiza."

Aliishi miaka mingi baadaye, na kila tulipokutana alinisalimia yeye kwanza. Sauti yake naitamani hadi leo.

Basi, mwanangu, tumia neno unalolijua vizuri, hata likiwa dogo. Na ukikosea, sema pale pale, mbele ya wale wale waliokusikia. Wakicheka, waache wacheke. Mungu akupe ujasiri wa kukiri kosa lako mapema, na akujaalie watu wa kukusamehe kama nilivyosamehewa mimi. Amina.