Ngozi Chini ya Usukani

Nicodemo Sulle alikuwa mtu wa wivu, na wala hakuuficha. Alimwonea wivu jirani aliyeezeka bati kabla yake. Alimwonea wivu hata kaka yake wa tumbo moja, aliyebaki Mbulu akarithi shamba la baba lenye maji. Lakini wivu huo wote ulikuwa mchezo tu mpaka siku aliponyang'anywa gari la jipu.

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yametanda kwenye tambarare ya Hanang, ng'ambo ya Katesh, na kila shamba lilikuwa na matrekta yake, mashine za kuvunia na gari la meneja. Katika shamba la Nicodemo gari hilo lilikuwa jipu la kijani lenye turubai, na yeye ndiye aliyekuwa dereva wake tangu shamba linafunguliwa. Usiuone udereva wa leo ukadhani ndio ule. Aliposhuka sokoni watu walimpisha. Akina mama wa Endasak walimwekea pembeni maharage yaliyochambuliwa. Wafugaji walimsimamisha njiani wakampa maziwa kwenye kibuyu, maana jipu likimbeba mgonjwa limemwokoa na safari ya kutwa nzima. Nicodemo alijua kabisa kwamba heshima ile ilikuwa ya gari, ila alishazoea kuivaa kama koti lake mwenyewe.

Kiangazi kimoja, vipuri vilipoadimika na hata sabuni ikawa ya kutafutwa kwa tochi, kile chuma kinachoibana nguzo ya usukani chini ya dashibodi kilikatika. Usukani ukawa unaning'inia, unapanda na kushuka mkononi mwa dereva. Karakana haikuwa na chuma kingine wala gesi ya kuchomelea. Nicodemo hakutaka jipu lisimame, kwa sababu jipu likisimama naye amesimama. Akaenda kwa rafiki yake Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaig aliyekaa mpakani mwa shamba, akapewa utepe mrefu wa ngozi mbichi ya ng'ombe.

"Ifunge ikiwa na maji," Gidahosh alimwambia. "Ikikauka inakuwa chuma. Lakini ikinywa maji tena, rafiki yangu, hiyo ni nyama tu."

Nicodemo alifunga, akazungusha, akakaza kwa meno. Jua likafanya kazi yake na nguzo ikatulia tuli. Akaviringisha kitambaa juu yake, akapaka rangi nyeusi, na ukiangalia ungeapa kwamba kitu kile kimetoka kiwandani. Meneja alipouliza ni nani aliyechomelea, Nicodemo alijibu, "Tumejitahidi, bwana meneja." Akasifiwa mbele ya mafundi wote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hiyo hakusema ukweli kwa sababu ya sifa, na kila siku iliyofuata ukweli ulizidi kuwa mgumu kusema.

Mavuno yalipokwisha akaja Julius. Alikuwa kijana aliyetoka chuo cha udereva, cheti mkononi, shati limepigwa pasi. Agizo lilikuwa limetoka juu kwamba magari ya mameneja yaendeshwe na wenye vyeti, basi. Nicodemo akapewa trekta la kuvuta tanki la maji. Hakuna aliyemtukana. Ila asubuhi ile alipouona ufunguo unaning'inia kwenye kidole cha Julius, wivu uliacha kuwa mchezo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kijana mwenyewe hakuwa na ubaya. Angekuwa na kiburi, au mlevi, Nicodemo angepata pa kumshikia. Lakini Julius alisalimia wakubwa, alifuta jipu vumbi kabla ya kulala, na wafugaji walewale walianza kumsimamisha njiani na vibuyu vyao. Nicodemo alipita juu ya trekta akaviona vibuyu hivyo, na siku hiyo hakupata hamu ya kula.

Jioni nyingine mkewe, Zita, alikuwa anasonga ugali. "Julius amenipa lifti na gunia langu kutoka Endasak," alisema. "Kalishusha mwenyewe mpaka mlangoni. Shikamoo yake inatoka moyoni, si ya mdomoni."

"Gari si lake."

"Hata lako halikuwa lako, baba Natalia. Na sikumbuki ukimshushia mtu gunia."

Nicodemo aliona kwamba kijana ameshaingia hadi jikoni kwake, bila hata kuvuka kizingiti.

Kisha mvua zikaanza. Chini ya kioo cha mbele jipu lilikuwa na vidirisha vya hewa ambavyo mipira yake ilikuwa imekwisha zamani, na maji yalichuruzika humo yakaishia palepale kwenye nguzo ya usukani. Nicodemo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amepanga kuitoa ngozi kabla ya mvua, lakini huo ulikuwa mpango wa dereva wa jipu, siyo wa dereva wa trekta. Ndivyo alivyojiambia, na aliyajua maneno hayo kuwa ya uongo hata alipokuwa anayasema.

Julius alimfuata kwenye tanki. "Shikamoo mzee Sulle."

"Marahaba."

"Mzee, usukani unacheza. Nikikata kulia gari linachelewa kuitika, na nguzo yenyewe naona kama inashuka. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ni ngozi, ifungue, usiliendeshe mpaka chuma kipatikane. Nicodemo aliutazama ufunguo mkononi mwa kijana. "Gari linamjua mtu wake," alisema, akapanda trekta lake akaondoka.

Julius alipeleka malalamiko karakana. Fundi akachungulia chini ya dashibodi, akaona kitu cheusi kimeshika, akasema hakuna kasoro. Basi maneno yakaanza kutembea. Sulle aliliendesha kimya, mwenye cheti kila siku analia. Nicodemo aliyasikia maneno hayo kilabuni, na tusidanganyane, yalimwingia vizuri kuliko pombe. Kila Julius aliporudi salama, Nicodemo alishusha pumzi. Na kila aliporudi salama, vilevile aliudhika. Moyo wa mwenye wivu una nafasi ya yote mawili.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, Julius alilirudisha jipu uani kwa mwendo wa konokono, akazima injini mbele ya ofisi. "Bwana meneja, samahani," alisema. "Gari hili si salama. Silipeleki Katesh."

Meneja alikuwa na kikao na wakubwa wa wilaya na alikuwa ameshachelewa. Alitazama huku na huku akamwona Nicodemo kwenye tanki. "Mzee Sulle, chukua ufunguo."

Uani palikuwa na watu wa matrekta, mafundi, akina mama wa kupepeta mbegu. Wote walimgeukia Nicodemo. Tumtendee haki: aliogopa. Alijua ngozi imelowa kama kitambaa cha kudekia. Lakini kukataa kungekuwa kukiri kwamba Julius alisema kweli, na hilo hakuliweza. Akaupokea ufunguo. Akajiambia ataenda taratibu, akirudi ataibadilisha ngozi na hakuna atakayejua.

"Naomba nipande nyuma, mzee," Julius alisema, bila kejeli yoyote. "Nijifunze unavyolishika."

Walikwenda vizuri mpaka mteremko wa kwanza wa korongo. Nicodemo alikuwa anauhisi usukani ukilegea mkononi, akawa anaunyanyua kwa magoti huku akimtabasamia meneja. Gurudumu la mbele likadumbukia kwenye mfuo wa udongo mweusi, likaruka. Nguzo ya usukani ikashuka yote mapajani mwake, ikachomoka kule chini, na usukani ukazunguka mikononi mwake kama sufuria tupu, haushiki kitu. Jipu likaelekea korongoni. Julius alijirusha katikati ya viti, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Jipu likageuka, likalala ubavu kwenye ukingo, hatua chache kabla ya maji yaliyokuwa yanapita kwa kasi.

Meneja alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Nicodemo mfupa wa bega ulivunjika, na Julius ndiye aliyemvuta nje akamlaza kwenye majani. Kisha kijana akarudi kuzima injini. Alipotoka alikuwa na utepe wa ngozi mkononi, umelowa, unanuka. Akautazama. Akamtazama Nicodemo. Akaukunja akautia mfukoni.

"Nini kimetokea?" meneja aliuliza.

"Utelezi, bwana meneja," Julius alisema. "Udongo huu ungemwangusha yeyote."

Nicodemo aliyasikia maneno hayo akiwa chali. Kazi yake imepona, jina lake limepona. Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye wivu ulimpanda upya, mkubwa kuliko siku zote. Kijana huyu amechukua jipu, amechukua maziwa, amechukua sifa jikoni kwake. Sasa na wema nao uwe wake?

"Si utelezi," alisema. "Ni ngozi ya ng'ombe. Niliifunga mimi, na nilijua ikilowa italegea. Iko mfukoni mwake. Mwambie akuonyeshe."

Meneja alinyoosha mkono. Julius aliitoa ngozi akamkabidhi, kisha akapiga magoti, akavua shati lake lililopigwa pasi, akaanza kulifunga lile bega.

"Siku niliyokuja kukuuliza," alisema taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua."

Nicodemo akangoja atukanwe, apate walau kitu cha kumchukia. Julius akamaliza fundo, akamuuliza kama linabana.