Mbegu ya Mama Chini ya Bati

Mama yangu alikuwa mtu aliyetosheka. Naliandika neno hilo kwa woga, maana watu wakilisikia hudhani nasema alikuwa maskini asiyejijua. Alijijua vizuri sana. Kule mlimani, juu ya Munisagara, alikuwa na shamba alilorithi kwa mama yake, kwa kuwa kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Alikuwa na migomba, magimbi kando ya kijito, kuku wachache, na nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi. Mimi niliyesomeshwa na wamisionari mpaka darasa la nne niliiona nyumba ile kuwa ndogo. Yeye aliiona kubwa kiasi cha kumchosha kuifagia.

Kitu alichokijali kuliko vyote ni mbegu yake ya mahindi. Yalikuwa mahindi meupe, punje ndogo ngumu, yenye kukomaa mapema kabla jua halijawa kali. Alipewa na mama yake alipoolewa. Kila mavuno alichagua mahindi mazuri, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza darini jikoni, juu ya mafiga. Moshi uliyapiga mwaka mzima mpaka maganda yakawa meusi, na fukusi hawakuyasogelea. Hakuwahi kwenda kwa mtu kuomba mbegu. Watu walikwenda kwake. Sijui kama naweza kusema alijivuna kwa hilo. Nadhani alijivuna, kimya kimya.

Mimi niliolewa bondeni, karibu na reli. Mume wangu aliwaheshimu wakwe kuliko hata tulivyofundishwa sisi wenyewe. Kwa adabu zetu mkwe mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe, hali naye sahani moja, wala hamkazii macho. Akipanda mlimani kumwamkia, alisimama uani, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo mama," na mama aliitikia marahaba akiwa ndani, nyuma ya mlango, kanga usoni. Basi. Waliheshimiana hivyo miaka yote. Kwa hiyo mume wangu hakuwahi kuiona dari ile wala mahindi yaliyoning'inia pale. Aliyala mahindi ya mama bila kujua yalikolala.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Nataka kuwa mwadilifu hapa, maana siku hizi kila mtu huusimulia wakati ule kwa namna impendezayo. Kijiji chetu kipya kilipata bomba, shule na zahanati, na mtoto wangu wa pili alipougua surua zahanati ile ndiyo iliyomponya. Siwezi kulisahau hilo. Mbele ya macho yangu hakupigwa mtu. Ya kwingine niliyasikia tu, na sina haki ya kuyashuhudia.

Kabla ya kuhama, mume wangu alikuwa amekwenda kukata miwa Ruhembe misimu miwili. Hakutumwa na mtu. Ingawa nikijiuliza sana, nakumbuka nilikuwa nikiyasifu mabati ya wenzetu kila tukipita Kilosa, na mume ana masikio. Alirudi kwa treni kupitia Mikumi, amekonda, viganja vimepasuka, na mabati yamefungwa kwa waya. Tulijenga katika mstari wa mbele wa kijiji kipya. Siku ya kuezeka majirani walikuja kutazama.

"Haya, mke wa bati!" alisema jirani yangu wa kushoto, mwanamke asiyejua kunyamaza. "Mvua ikinyesha mtasikilizana kweli humo ndani?"

"Tukishindwa kusikilizana tutalala mapema."

"Ehe! Basi mwakani tutahesabu watoto."

Tulicheka sana. Nilikuwa na furaha siku ile, na sitaki kusema sikuwa nayo.

Jiko tulilijenga nje: kibanda cha nguzo nne na vipande vya bati vilivyobaki, wazi pande zote. Viongozi wa kijiji walikuwa wamekataza vibanda vya nyasi karibu na nyumba za mstarini, na walikuwa na sababu, kwa kuwa kiangazi kile moto ulikuwa umeteketeza nyumba za watu. Wapishi tulifurahi kwa sababu hatukulia tena machozi ya moshi.

Mama aliletwa miezi kadhaa baadaye, kwa lori, pamoja na watu wa mlimani. Vyungu na jembe aliviacha vikapakiwa na wengine. Mbegu aliipakata mwenyewe mapajani, furushi limefungwa kwa kanga yake nzuri. Nilimpa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani, ili asilazimike kupita sebuleni mkwewe anapokaa. Nilidhani nimefikiria kila kitu.

"Jiko lenu liko wapi?" aliniuliza, hata maji hajanywa.

Nilimwonyesha kibanda. Aliangalia juu, akaangalia nguzo, akaangalia juu tena.

"Ni peupe," alisema.

"Hakuna moshi, mama. Macho yako yatapona."

"Kweli. Yatapona."

Nilimwuliza mbegu ataiweka wapi. Akasema chumbani panafaa. Nikamwambia nitamwomba mume wangu atengeneze dari mahali fulani. Akanikatiza: "Mtu amekupa paa juu ya kichwa chako, umwombe na dari? Mimi ni mkwe hapa, mwanangu, si mwenye nyumba. Acha." Hapo ndipo kumbukumbu yangu inaponichezea. Siku nyingine nina hakika aliyasema hayo siku ile ile ya lori. Siku nyingine naona aliyasema baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika. Watoto wangu hawanisaidii, walikuwa wadogo.

Alifanya alivyoweza. Alipukuchua mahindi, akayachanganya na majivu, akayatia kwenye gunia na kuliegemeza ukutani karibu na kitanda chake. Kwenye nyumba ya nyasi pengine ingetosha. Lakini bati halifanani na nyasi. Miezi ya baridi, kila alfajiri, bati lilitokwa na jasho, na matone yalianguka ndani kama manyunyu. Sisi tulisogeza vitanda, tukatega mabakuli, tukaona ni jambo la kuchekesha. Mama alisogeza kitanda chake pia. Gunia alilihamisha upande huu na upande ule, na mara nyingi nilimkuta amelifunika kwa blanketi lake, yeye mwenyewe amejikunyata kwa kanga. Nilidhani anazeeka.

Siku moja mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa milima, alilikokota gunia uani ili achague mbegu. Nilikuwa nafua. Jirani wa kushoto alikuwa kwenye ukuta wake wa mabua, anatupigia soga. Mama aliinamisha gunia juu ya ungo, na kitu kilichotoka kilikuwa unga. Unga wa kijivu, na makapi mepesi ya punje zilizotobolewa, na fukusi wakitembea juu yake bila haraka. Chini kabisa kulikuwa na bonge la mahindi yaliyoshikana kwa ukungu. Mama alilivunja kwa vidole akitafuta punje moja nzima. Akaendelea kutafuta.

Hata jirani alinyamaza.

Mume wangu alikuwa sebuleni, mlango uko wazi. Alisikia ule ukimya, nadhani, akatoka mpaka kizingitini, akaona ungo, akageuza uso upesi kwa ajili ya heshima. Mama naye alivuta kanga usoni. Walikuwa umbali wa mtu kunyoosha mkono. Mume wangu akaniambia mimi:

"Mama watoto, mwulize mama, si alitia majivu?"

Nikageuka. "Mama, anauliza, si ulitia majivu?"

"Mwambie mkwe nilitia."

"Anasema alitia."

"Mwulize kwao alikuwa akiyawekaje."

Mama alikung'uta vidole. "Mwambie, juu ya moto. Darini. Kwenye moshi."

Nilimwambia. Mume wangu alitazama kile kibanda chetu kilicho peupe muda mrefu. Halafu alisema, "Mwambie mama mimi sikujua. Mwambie sijawahi kuingia jikoni kwake. Ningejua ningejenga dari kabla ya nyumba."

Sikuwa na haja ya kupeleka maneno hayo, alikwisha kuyasikia, lakini nilianza kuyarudia kwa mazoea nikashindwa kuyamaliza. Mama alisema, "Mwambie bati lake zuri. Alivuja jasho kulipata. Hakuna aliyekosa." Akamwaga ungo mbele ya kuku.

Nimeifikiria sentensi ile ya kwamba hakuna aliyekosa. Nimejaribu kumtafuta mwenye kosa, na kila nikimpata namwona ana utetezi wa haki. Viongozi waliogopa moto. Mume wangu alitii adabu. Mama alitii adabu ile ile. Mimi nilikuwa katikati, mtu pekee aliyeruhusiwa kusema na wote wawili na kuingia jiko lolote, lakini sikuwa nimeshika jembe mlimani tangu nilipoolewa, na mambo ya dari nilikuwa nimeyaacha kule pamoja na masizi. Pengine hilo si kosa. Najuta tu kwamba halikuwa kosa la mtu, kwa maana kosa ningeliombea msamaha.

Kesho yake mume wangu alipanda mlimani peke yake, kwenda kwenye mahame ya mama kutafuta maotea, hata mashina mawili matatu yaliyojiotea. Alirudi jioni amechanwa na miiba. Nguruwe na ngedere walikuwa wamemaliza kila kitu. Wale waliokuwa wakimwomba mama mbegu zamani nao walikuwa wamehamishwa huku na huku, na wachache niliowauliza walisema wamekwisha kupokea mbegu mpya ya serikali, inazaa vizuri, kwa nini wasumbuke na ile ya punje ndogo? Walisema kweli. Ilizaa vizuri.

Mbegu hiyo mpya ilikuwa ikigawiwa kwenye ghala la kijiji. Nilimwambia mama abaki, nitamchukulia. Alikataa, akajifunga kanga mbili, akaenda na kapu. Tulisimama kwenye foleni, yeye mbele yangu. Kijana wa ghala hakuwa na ubaya wowote. Alimwamkia vizuri, shikamoo bibi, akamwuliza, "Ndiyo mara yako ya kwanza kulima mahindi ya kisasa?" Mama akasema ndiyo, ndiyo mara ya kwanza. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama afanyavyo mtu aliyepewa.

Mvua iliponyesha, bwana shamba alikuja kutuonyesha namna ya kupanda kwa kamba, mstari kwa mstari. Mama alikuwa mwanamke aliyekuwa akifukia mbegu kwa unyayo huku anazungumza, bila kutazama chini. Sasa alisimama mwisho wa kamba, akaishika alipoelekezwa. Nilimwambia, "Mama, panda tu, unajua."

"Ngoja kwanza aseme," alinijibu. "Hii si yangu. Siijui inataka kina gani."

Bwana shamba alikuwa amekwenda mbali, kwenye shamba la mtu mwingine. Tulimngoja.