Mwangwi Mmoja kwa Noti Zote

Dada yangu habembelezi mtu. Kompyuta yake ni kuukuu, kifuniko kimeshikiliwa na utepe wa gundi, lakini ndani ina programu inayotengeneza sauti za kinanda na fidla, naye huipigia muziki michezo ya jukwaani. Mimi ni mdogo wake, mshonaji wa mavazi palepale ukumbini, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Jumatatu, mazoezini, alibonyeza noti nyingi kwa pamoja, spika zikaanza kukwaruza. Fundi mitambo akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mama, hiyo ipeleke makumbusho! Nunua mpya, au onyesho la Ijumaa tunaweka rekodi, wewe upumzike nyumbani."

Mwongozaji wa mchezo naye akatikisa kichwa kukubali. Jamani, nilitamani kumchoma sindano! Miaka kumi na moja dada anawapigia, anawavusha kwa muziki waigizaji waliosahau maneno, leo rekodi?

"Sinunui kitu," dada akasema. "Na sipumziki."

Nyumbani akavaa miwani, akaanza kuipekua ile programu. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Namtafuta anayekula bure."

Akampata. Kila noti ilikuwa na mwangwi wake peke yake. Noti kumi, miangwi kumi, na kompyuta inaihesabu yote. Halafu noti zilizokwisha kufifia, sikio halizisikii tena, nazo bado zinahesabiwa.

"Kazi ya nini sasa hii?" akafoka.

Akaifuta miangwi yote, akaweka mmoja tu, noti zote zipite humo. Zilizofifia akaziamuru zizimike papo hapo. Kipimo cha mzigo wa kompyuta kikashuka kutoka asilimia tisini na nane hadi thelathini na moja. Na sauti? Ileile, tena imetakata.

Alhamisi, mazoezini tena, akapiga wimbo wa mazishi ya mfalme, noti juu ya noti, bila mkwaruzo hata mmoja. Fundi akapayuka kutoka nyuma: "Si rekodi hiyo? Katuletea rekodi, mjanja huyu!"

Dada akainua mikono yote miwili juu. Mwangwi ukaisha, ukumbi ukawa kimya, mwigizaji wa malkia akabaki mdomo wazi katikati ya ubeti.

"Haya," dada akamwambia mwongozaji, "endeleeni na rekodi yenu."

Mwongozaji akamtazama fundi, fundi akatazama viatu vyake. Dada hakuishusha mikono mpaka mwongozaji alipomwambia tafadhali.