Bega Chini ya Mzigo

Juma lililopita tulimzika kijijini Ipinda mwalimu aliyenifundisha Kiingereza. Hakuwa mtu wa kumpendeza kila mtu. Alikuwa mbishi, na kitenzi cha Kiingereza hakukiacha mpaka akichimbe hadi mzizi wake wa Kilatini, lugha aliyoipata seminari kabla hajaamua kuoa. Siku ya kitenzi "support" alitupeleka stoo ya shule. "Sub ni chini, portare ni kubeba," alisema, akaamuru wawili wajitwike gunia la mpunga. Sisi wengine tukawapa pole. "Nani anasupport hapa?" akauliza. Tukajibu, wote, Mwalimu. "Wapi! Nyie mnatazama. Aliye chini ya gunia ndiye." Tuliandika sentensi zetu, tukafaulu mtihani, maisha yakaendelea.

Miaka mingi baadaye, masika, maji yalifunika barabara ya Ipyana huku mke wa mtoto wa Mwalimu ameshikwa na uchungu na mumewe yuko safarini. Gari lilisubiri ng'ambo. Tulimlaza kitandani tumvushe, lakini wabebaji tulikuwa watatu, na kona ya nne ikawa inalala majini. Mila ya Kinyakyusa haitaki baba mkwe na mke wa mwanawe wakaribiane. Hata njiani hukwepana. Wazee waliosimama pembeni walikuwa na ushauri tele, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Mwalimu, usisogee, huyo ni mkweo!" mmoja akaonya.

"Kwa hiyo nimpe pole kutoka hapa?" Akaingia majini na viatu vyake, akaweka bega chini ya ile kona. Mtoto alizaliwa salama. Walimsema mpaka wakachoka, naye hakuomba radhi kwa mtu.

Siku hizi tunasapotiana sana kwenye makundi ya simu, kwa vipicha vya viganja vilivyokutanishwa. Sina ugomvi navyo, hata mimi natuma.

Lakini mazishini, tulipoinama kuinua jeneza, mwanamke mmoja alijipenyeza kati yetu. Alikuwa yule mkwe. "Mama, hiyo kazi ya wanaume," akaambiwa.

"Baba alinibeba," alijibu. "Ndaga, Baba," akashukuru kwa Kinyakyusa, akaweka bega.

Hakuna aliyemtoa. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Pole ni njema, tuendelee kupeana. Ila jeneza lile lilikuwa zito, na upande wangu ulipungua uzito pale tu yule mama alipoingia chini yake.