Makopo Kumi na Mawili ya Mwana wa Memsabu

Mimi ni mzee wa kanisa, na umri wangu wa kusema uongo umepita. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Eldoret, upande wa Cheptiret, miaka ile watoto wa shule walipokuwa wakipewa maziwa ya bure.

Nilikulia katika shamba la Memsabu mmoja, mjane wa kizungu. Mimi na mwanawe wa pekee tulichunga ndama pamoja. Nilikuwa mwembamba, akaniita Kijiti. Vita vya Hitler vilipokuja akawa rubani, na ndege yake ikaangushwa huko mpakani na Uhabeshi. Mwili haukuonekana. Mama yake alikataa kuchimba kaburi tupu. Kila mwaka, jioni ya siku ile, alipanga makopo kumi na mawili kwenye kiwanja cha ndege cha shambani, akatia magunzi ya mahindi yaliyoloweshwa mafuta ya taa, akayawasha ili mwanawe aone pa kutua. Uhuru ulipofika akatuuzia shamba sisi wafanyakazi wake, akanishika mkono. "Utamwashia?" Nikaahidi.

Nikawasha miaka mingi. Kisha mchungaji wetu akanikemea: "Mzee mzima, unaabudu wafu?" Nikaona haya. Mwaka huo sikuwasha.

Jioni ile nilikuwa peke yangu. Mke wangu nilikuwa nimeshamzika, watoto wako Nairobi. Mvua inanyesha kubwa, nikasikia hodi. Mlangoni amesimama kijana wa kizungu, koti la ngozi, kavu kabisa. Kavu! Ananukia petroli. Akanitazama sana, akacheka.

"Kijiti! Umekuwa gogo."

Nani mwingine alilijua jina hilo? Wote waliolijua walikuwa wamekwisha kufa.

"Nimezunguka sana huko juu," akasema, kwa Kiswahili chetu cha utotoni. "Taa iko wapi? Mama amelala?"

Wewe ungemjibu nini? Nilimwambia mama alirudi kwao Ulaya, na barua ikaja kwamba amefariki. Akainamisha kichwa. Niamini, sikumwogopa. Nilimhurumia. Nikayatoa makopo ghalani, nikawasha moja moja, na mvua haikuzima hata moja. Nilipoinuka kwenye la kumi na mbili, hayupo. Kisha nikasikia injini ikishuka juu ya kichwa changu, chini, chini zaidi, ikanyamaza. Sikuona kitu.

Asubuhi nyasi zilikuwa zimelala mistari miwili mirefu katikati ya makopo. Mpaka leo hapo hapaoti nyasi.

Mchungaji nilimweleza yote. Akaniadhibu, akaniweka benchi la nyuma kanisani mwaka mzima. Nilimshukuru Mungu, huko nyuma mtu huomba kwa utulivu. Na kila mwaka nimewasha.

Sasa macho yangu yamefifia. Wanangu nikiwaomba wajifunze kupanga makopo, hucheka: "Baba, hiyo vita iliisha."

Nawe, ukiombwa kumtunzia mtu marehemu wake, usikubali haraka. Uliza kwanza ni nani atakayewasha siku utakapolala wewe. Mimi sikuuliza.